Bonyeza F1 Uendelee

Jumapili, 2 Machi 2025

Jirani yangu Mzee Osundwa ameniita nimrekodi. Figo zimegoma, na anajua. Amevaa koti la harusi! Ameketi kitandani, akaeleza vile shamba ligawanywe kati ya Masinde, mtoto wa marehemu mke wa kwanza, na Emily, mke aliyebaki.

"Mwalimu, usinifanye nionekane mgonjwa."

Nikamwambia simu yangu haina dawa hiyo. Tulicheka hadi akakohoa.

Nyumbani nimewasha kompyuta, ikaleta mistari mitatu ya maandishi meupe. Ule wa mwisho: bonyeza F1 uendelee. Nimebonyeza, imeendelea. Video nimeiweka humo, kwa simu nikaifuta. Simu imejaa video za mahubiri na harambee.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Osundwa ametuacha alfajiri, hospitalini.

Emily ameniomba niandike wasifu wa marehemu. Katikati ya shule alizosoma, skrini ikageuka buluu, na uso wa huzuni juu yake. Nikauliza: hata wewe umesikia? Chini kulikuwa na maneno marefu, KERNEL DATA INPAGE ERROR. Nilizima kabla sijayafikiria. Nikawasha, F1, tukaendelea. Hiyo F1 siku hizi ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Tumemzika. Mvua tupu. Masinde, mikono mfukoni, amemwambia Emily mbele ya watu: "Mama Mdogo, tukishanyoa, utaanza kufunga vitu pole pole urudi kwenu."

Emily hakulia. Alininyooshea kidole. "Mzee aliongea. Mwalimu ako na video yake."

Ukoo wote ukanigeukia. Nami nikainua kidevu kama mtu wa maana. Jumanne, siku ya kunyoa nywele na kumaliza matanga, nitawaonyesha wote.

Jumatatu, 24 Machi 2025

Kompyuta imekataa. Inasema haioni diski.

Nimeipeleka mjini kwa Winrose, fundi aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, mama wa watoto watatu, mkali kama muuguzi wa zamu. Ametega sikio. Ko-ko-ko ndani, kama kuku anadonoa bati.

"Ilikuwa inakuambia nini, Mwalimu?"

Nikasema F1.

"Na juu ya F1?"

Akanionyesha picha ya maandishi yale yale, kwa mashine ya mteja mwingine, akanisomea kwa kidole vile mimi huwasomea Form One: diski inakufa, nakili kazi zako, nunua nyingine. Ndipo F1. Na yale marefu ya buluu? Kompyuta iliomba kitu kwa diski, diski ikashindwa kukitoa.

"Mnasomanga mstari wa mwisho tu. Wiki tatu inaongea na wewe unaikata kauli!"

Miaka ishirini na minne nafundisha Kiingereza. Wanafunzi wangu wote wanajua: soma kifungu chote kabla ya kujibu.

Nikamuuliza kama simu inaweza kutusaidia. Akaipekua, akatikisa kichwa. Mahubiri mapya yamekaa juu ya Osundwa, yamemfuta kabisa. Diski atajaribu. Hakuniahidi kitu.

Jumanne, 25 Machi 2025

Saa tano asubuhi. Wamenyolewa wote. Hata mimi, jirani tu, nimeomba wembe.

Winrose amepiga simu. Ameokoa mitihani yangu yote ya Form Two tangu 2019. Ameokoa wasifu. Video inafunguka sekunde kumi na moja: Osundwa anarekebisha kola, anafungua mdomo. Basi. "Iliyobaki haisomeki. Pole, Mwalimu."

Nimemwambia mzee wa ukoo. Amefikiria, akasema mashine si kitu, mtu aliyeshuhudia yupo, tena mwalimu. Baada ya chai nisimame. Masinde naye: "Atakalosema Mwalimu, mimi nitalifuata." Na amesema vizuri, bila kejeli! Afadhali angenitukana.

Nimejificha nyuma ya jiko, naandika. Emily ameniletea kikombe mwenyewe, kichwa chake kipya kikimeta.

"Sema tu vile alisema. Sitaki uniongezee hata hatua moja ya shamba."

Vile alisema! Najua alitaja mto. Alitaja mikaratusi — upande huu wa miti ni wa Emily, au ule? Dakika tisa mzee aliongea, na mimi nilikuwa nikiangalia kama kichwa chake kimeenea kwenye picha.