Dawa ya Samaki Wako

Kitindamimba wangu,

Samaki uliotuachia waliota vidoa vyeupe, utadhani wamenyunyiziwa chumvi. Ni vimelea. Vidoa vikipotea usidanganyike: vimelea vimedondoka mchangani, chini ya tangi, kuzaana, na watoto wao wataogelea kutafuta samaki wa kung'ang'ania. Dawa huviua hapo tu, vikiogelea, ndiyo maana hatuiachi mapema.

Kutia dawa nilimwachia mama yako, matone machache kila asubuhi. Wiki iliyopita niliwakuta samaki wakitweta juu ya maji, nayo maji yamekuwa buluu kama wino.

"Mke wangu, umetia dawa mara ngapi leo?"

"Sijatia. Ndiyo naenda kutia, usinisimamie kama mkaguzi."

Chupa aliyoshika ilikuwa tupu.

Nilibadilisha maji kidogo kidogo hadi mgongo ukakataa. Yule mweusi alikufa, wengine wanakula. Dawa yao sasa naifungia kabatini pamoja na vidonge vya mama yako vya presha.

Najua ukipiga simu anakutania vizuri tu, nawe unaniona mzee wa hofu. Lakini leo mchana alisimama mbele ya tangi akaniuliza samaki hawa ni wa nani. Nikakutaja.

"Yule mdogo? Anatoka shule saa ngapi?"

Nilichoka kubishana, nikamjibu kuwa ni jioni. Ninavyoandika hivi amevuta kiti mlangoni, anakungoja. Njoo, mwanangu.

Ni mimi baba yako, muuguzi wa wote waliomo humu ndani.