Kikapu cha Karema

Evaline,

Maharage yapo jikoni, nimeyaacha kwenye mkaa mdogo. Kula kwanza ndipo uende stendi. Ufunguo mwachie mama Alex hapo jirani. Kuku nimeshawapa pumba.

Nimetangulia shambani, nisikuone unavyopanda basi. Asubuhi nilipokuambia umrudishie kikapu chake kama kilivyo, nilijua ninachofanya. Huyo mama aliyekuzaa alikuja nacho kimejaa samaki, migebuka mikavu, tukala wiki nzima, halafu mimi nikataka kimrudie kitupu, kama vile sijafundwa. Na mimi kilichoniuma ni ile simu yako naye, ulimwita "mama" mara nne huku unakunywa chai yangu.

Basi nimekijaza mchele wa Kasansa, ule mpya. Usimwambie kwamba nilinuna.

~~Usilale huko.~~ Lala ukitaka, ila uchukue sweta, huko Karema ziwani kuna upepo.

Chini ya mchele nimeweka kitenge. Ndicho ulichoviringishiwa ukiwa mchanga, siku masista walipokuleta kwangu. Najua, nilikuambia kililiwa na panya. Nilikudanganya, miaka yote ishirini na sita. Usikifungue njiani. Mwache akitoe kwa mikono yake, wewe mwangalie usoni, halafu ukirudi uniambie kama amekikumbuka.

Mama ~~mlezi~~