Mkubwa wa Ayiko atakaa kiti cha mbele

Amekubali kuja kwenye ngoma ya matanga! Mkubwa wa kazi wa marehemu mwanangu Ayiko amekubali kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nimeweka simu chini nikacheka mpaka kuku wamekimbia.

Haya, hamjambo. Leo Jumatatu, hapa Ediofe, Arua, jua ni kali, nguo zimeanza kukauka kabla sijamaliza kuanika. Mimi mzima. Niliishia darasa la sita, lakini ukurasa huu nauandika kwa kidole changu. Asiyependa makosa asisome.

Kwenye simu alisema hivi: "Mama, Ayiko ilikuwa kama ndugu yangu. Mutaniweka kwa programu?"

"Mbele kabisa, Mkubwa," nikamjibu. "Kiti ya sofa."

Hajui.

Kwa asiyemjua Ayiko: alikuwa daktari wa mifugo wa serikali kule Koboko, na hakuna mama Arua nzima aliyezaa kama yeye. Sijisifu, nasema kilichopo. Alikuwa anavua shati katikati ya zizi, anaingiza mkono mpaka begani, anamtoa ndama aliyekwama. Machinjioni, ng'ombe akiwa mgonjwa, muhuri wake haukugusa nyama ile, hata mwenye ng'ombe awe nani. Na nyumbani alifua sare za watoto wake watatu yeye mwenyewe, nje, watu wakimwona. Wanaume wa jirani walipomcheka aliwaambia, "Leteni na zenu."

Mwaka jana tumbo lilimshika akiwa kazini. Ilibidi afike hospitali huku Arua upesi. Gari la ofisi lilikuwa limesimama pale uani, dereva ndani yake. Mkubwa akasema gari ni la kazi, halibebi mambo ya nyumbani. Driciru, mke wa Ayiko, akampakia mumewe kwenye pikapu ya magunia ya muhogo, ikawa inasimama kila soko kushusha mzigo. Alifika hai. Kesho yake hatukuwa naye.

Siku ya mazishi, kwetu Adumi, gari lilelile likaja, limeoshwa linang'aa. Mkubwa akashuka, akashika maiki, akaeleza jinsi yeye alivyomlea mwanangu kikazi. Watu wakapiga makofi! Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka, nguvu ya kusimama sina.

Sasa ninayo.

Kwetu, ngoma ya kumaliza matanga ndipo wanawake wanaposema. Jambo lililokukaa rohoni unaliweka kwenye wimbo, unaliimba mbele ya mwenyewe, naye lazima asikilize. Akitaka kujibu ajibu kwa wimbo wake, polisi haiitwi. Mkubwa si mtu wa huku. Anadhani tunacheza tu. Wimbo nimeutunga mimi, dada zangu wameshika kiitikio: gari limesimama, mwanangu amelala juu ya muhogo. Jina lake limo, na cheo chake.

Leo mchana nilikuwa napepeta ufuta na Driciru, nikamwimbia. Nilidhani atapiga vigelegele. Aliendelea kupepeta.

"Mama, huyu mutu atakuja na bibi yake. Iko na watoto."

"Mimi pia ilikuwa na mutoto."

Akasema polepole, macho kwenye ungo: "Siku ile nilipiga simu yako mara ngapi, Mama? Na wewe tukuweke kwa wimbo?"

Ungo ukaniponyoka. Ufuta wote chini.

Ni kweli. Hili sijawahi kuliandika popote. Siku ile nilikuwa kwenye harusi Awindiri, nimevaa gomesi mpya. Simu ililia ndani ya mkoba, nikaona ni yeye, nikasema nitampigia baadaye, maana walikuwa wananiita mbele wanitambulishe: huyu ndiye mama wa daktari. Mtoto wa dada yangu ana gari, na alikuwa palepale harusini. Angewafuata njiani. Koboko mpaka Arua ni lami tupu.

Driciru amejua mwaka mzima na hakumwambia mtu.

Nimelia, nimenawa uso, nimekaa. Kuna aliyedhani nitasamehe? Thubutu! Hasira yangu kwa yule mtu haijapungua hata punje. Lakini nimeliona kosa la wimbo wangu. Nikificha langu, sauti itanikauka pale mbele yake.

Kwa hiyo nimeongeza ubeti. Ndio utakaotangulia, na nitauimba peke yangu, bila kiitikio: harusi, gomesi, simu iliyolia. Jina langu nitalitaja kamili, ukoo wote na watu wa kanisa wasikie. Nikimaliza nitageuka nielekee kiti cha sofa.

Jioni nimemwambia Driciru. Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Ameuliza tu, "Ubeti ya gari, nani ataanza?"

Nikamwambia, "Nani alikuwa kwa pikapu?"

Akaniomba nimwimbie tena, polepole, aushike. Ameushika mara moja tu, na ana sauti kuliko dada zangu wote.

Basi ni Jumamosi hii, Adumi, baada ya misa. Mkubwa anakuja na bibi yake. Njooni na ninyi, wote.