Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Mdogo wangu Tadeo,

Salamu nyingi kutoka Pasiansi, ambako mjukuu wangu Koku ananilisha supu ya sato. Jana aliponitoa hospitali tulipitia ukumbi mmoja wa Nyamagana. Palikuwa na sanduku lenye kufuli na tangazo: vijana walete mawazo kuhusu haki na kazi zenye staha. Koku hukata minofu ya sangara kiwandani, miguu ndani ya maji ya barafu kutwa. Akaandika kwamba wapewe viatu vya mpira. Karani wa ukumbi alikuwa anamtazama mkono akiandika.

"Ufunguo anao nani?" nikamwuliza.

"Mimi, mzee. Usiwe na shaka, majina hatutaki."

Maneno hayo hayo niliwaambia ninyi vijana nilipoacha ualimu nikawa karani wa kiwanda cha pamba, nikishika ufunguo wa sanduku kama lile. Wewe hukuandika jina, Tadeo. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kuandika darasa la kwanza, na mwandiko wako niliujua. Nikamtajia meneja jina lako. Hukufukuzwa kwa fitina za yule mnyapara uliyemlaumu miaka yote. Ni mimi.

Basi jana nikachukua karatasi ya Koku kabla hajaitumbukiza, nikainakili kwa mkono wangu na kutia sahihi yangu, nikatumbukiza yangu badala ya yake.

"Mzee, hii ni ya vijana!" karani akacheka.

"Basi nifukuzeni."

Daktari hanipi muda mrefu. Nimechagua kadi isiyo na bahasha makusudi, ili kila atakayeishika njiani asome. Mungu akutunzie wajukuu. Nijibu, hata kwa matusi. Usihangaike kuweka jina, mwandiko wako bado nitaujua.

Kaka yako,
Mwalimu