Leo Hulipi Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Yumo. Mstari wa kumi na saba.

Kila Jumatatu mashine ya dukani inatutolea orodha ya wateja waliomaliza miaka miwili ya mkataba. Tunawapigia, tunawapa hongera, tunawavuta wachukue simu mpya na miaka miwili mingine. Nilijua mwezi huu atatokea, nilihesabu mwenyewe. Hata hivyo, nilipoona jina la kaka yangu pale, na neno HONGERA pembeni kwa rangi ya kijani, nililifunika kwa kiganja. Ana miezi kumi na tisa kaburini.

Nilimruka. Nikampigia wa kumi na nane, bwana mmoja muuza magodoro, mkali kama pilipili, akanikatia simu. Nilimshukuru moyoni.

Redio akaniuliza mbona nimepauka. (Mwenzangu wa kaunta ya pili. Mdomo wake hauna breki, ndiyo maana tukampa jina hilo.) Nikasema sijanywa chai. Uongo wa kwanza wa wiki, na ilikuwa saa tatu asubuhi tu!

Jumanne, 4 Machi

Simu ya kaka inakaa sebuleni, juu ya cherehani ya Mama. Daima iko kwenye chaji. Umeme ukikatika Mama anaipeleka kwa kinyozi mwenye jenereta na kukaa hapo hapo mpaka ijae. Ikilia anapokea. "Hayupo kwa sasa," anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, utadhani mtu katoka kununua sukari. Marafiki zake hawapigi tena. Tumebaki sisi, kampuni.

Kupokea anaweza. Kuifungua, hakuna anayeweza — ndivyo tunavyosema hapa nyumbani. Alama ya kidole haikuwahi kukubali: kaka alikuwa fundi rangi, vidole vyake vililiwa na thina mpaka vikawa laini kama kipande cha sabuni. Ilibaki namba ya siri. Siku za msiba binamu zetu walijaribujaribu, simu ikatishia kufuta kila kitu, Mama akawanyang'anya. Fundi simu mmoja alisema ataifungua ila itakuwa tupu. Mama alimtoa kwa ufagio. Kweli, ufagio.

Leo jioni kioo kiliwaka. Mama akavaa miwani, akasoma polepole: umefuzu kupata simu mpya, leo hulipi kitu. Akaniuliza, wanampa nyingine ya bure? Kwani hawajui? Nikamwambia mashine hizo, Mama, hazina akili. Akasema pamoja na hayo kampuni yenu ina utu, muda wote huo hawajaikata laini ya mtoto wa watu.

Chakula sikumaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi mpya kapita na karatasi. Wa kumi na saba mbona hana alama? Nikasema hapatikani. Akasema jaribu tena, mteja aliyelipa miaka miwili bila kuchelewa hata mwezi mmoja ni dhahabu.

Bila kuchelewa! Dhahabu mwenyewe ni mimi. Pesa ya mkataba inakatwa kwenye mshahara wangu kila tarehe ishirini na nane kabla sijauona.

Ijumaa, 7 Machi

Sikupiga. Sitapiga. Niandike basi, labda kitu hiki kitanishuka kifuani.

Simu ya bure haipo. Mimi nauza, mimi najua. Kampuni inakutangulizia simu leo, halafu inaificha bei yake ndani ya kifurushi cha kila mwezi, kidogo kidogo. Ukifika mwisho wa miaka miwili umeinunua simu ile na nusu ya nyingine. Tumefundishwa kusema "leo hulipi kitu". Wala si uongo. Leo hulipi.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mikataba kumi na miwili kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kwaheri. Nilikuwa na kumi na mmoja. Siku ya mwisho, duka linakaribia kufungwa, kaka akapita na ndoo yake kunisalimia. Nikamvutia kiti. Akacheka: "Mimi na mikono hii, simu ya kioo ya nini?" Nikamwambia ni bure. Kaka yangu wa tumbo moja! Kisha nikaongeza, kwa haraka, kwamba kila mwezi kuna kidogo. Akanitazama. Aliona nilivyokuwa nimekaukiwa mate. Akachukua kalamu.

"Mama tumwambie ni zawadi ya kampuni," akasema. "Asije akakugombeza, mdogo wangu."

Aliacha doa jeupe la rangi kwenye kaunta. Kesho yake nililikwangua kwa ukucha. Sasa hivi ningetoa chochote lirudi.

Na kuna jingine. Tukimwandalia mteja simu, tunamwekea namba ya siri sisi wenyewe: tarakimu nne za mwisho za mkataba wake. Wengi huibadilisha wakifika nyumbani. Yeye alisema, acha hiyo hiyo, nikisahau utanikumbusha.

Naijua. Siku za msiba, binamu wanabonyezabonyeza, nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Naijua na nikanyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa nini sijaifungua?

Kwa sababu alianguka Jumamosi. Kaka hakufanya kazi Jumamosi. Ilikuwa siku yake ya kulala mpaka jua limpige usoni, halafu kumchokoza Mama jikoni. Jumamosi ile ya Agosti alipanda jukwaa la ghorofa ya nne, ukuta wa nje, kazi ambayo wenzake waliikataa. Mama mpaka leo anauliza: alifuata nini kule juu? Anaiuliza sufuria, anaiuliza cherehani. Mimi huwa natoka nje.

Jibu limo humo ndani. Kaka hakuandika ujumbe, mikono yake ilikuwa na rangi siku zote. Alirekodi sauti. Zote zimo. Nikizisikiliza na ikawa ni ile pesa ya kila mwezi iliyompandisha, basi aliyempandisha ni mimi. Nisiposikiliza, ninahofia tu. Kuhofia nimezoea.

Na mkataba? Familia ikileta cheti cha kifo unafutwa, hawadai kitu. Nawaambia wateja hivyo kila siku. Lakini mkataba ukifa kabla ya miezi sita, muuzaji anapunguziwa hesabu yake. Kaka alikufa mkataba una miezi mitano. Ningerudi kwenye kumi na mmoja! Nikasema nilipe mwezi mmoja tu, uvuke. Ukavuka. Halafu nikaona haya kuleta cheti. Halafu nikazoea.

Siku nyingine, kaunta ikiwa tupu, naipigia ile laini kwa simu ya kazini. Mama anapokea. Hayupo kwa sasa. Nakata bila kusema neno. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi kagawa majina upya. Wa kumi na saba kaangukia kwa Redio.

Nilikuwa namwekea laini mzee mmoja. Nikasikia ile sauti ya sukari pembeni yangu: habari za asubuhi, naongea na… Kisha kimya. Kisha, "Aa, hayupo kwa sasa? Ni mama yake? Shikamoo, mama!" Laini ya mzee ilinidondoka mara mbili. Redio huyo, hana habari, anamwaga maneno: aje mwenyewe au yeyote na kitambulisho chake, waje na simu ya zamani, inabaki hapa na kupunguza bei, na vilivyomo vyote tunavihamisha — picha, ujumbe, sauti, hakipotei hata kimoja.

Baadaye ananihadithia huku anakula karanga. Mama wa watu kauliza mara tatu: na sauti? Na sauti pia, nikamwambia. Yaani kafurahi huyo mama! Anakuja keshokutwa.

Hajui ni mama yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwomba karanga.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mama asije. Foleni ndefu, mtandao unasumbua, wafanyakazi hawatoshi. Alikuwa anapiga pasi gauni lake la kutokea. Hata uso hakuinua. Akasema, nyinyi mna wakubwa huko, watafungua.

Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia. Niliosha vyombo. Nikaviosha tena.

Jumatano, 12 Machi

Alikuja saa nne. Simu kaifunga kwenye kitambaa cha mto, ndani ya mkoba, mkoba kaubana kwapani. Redio kampokea kwa shangwe, kamkalisha kwenye kiti. Kiti kile kile.

Simu mpya ikatolewa kwenye boksi lake. Mama hakuitazama. Akasema hii yenu sina haja nayo, nataka vilivyomo kwenye hii. Redio akasema sawa mama yangu, tunaihitaji namba ya siri tu. Mama akasema hatuijui, alikwenda nayo. Redio akacheka kidogo — alikwenda nayo wapi tena?

Bosi mpya alikuwa amesogea, anapenda kuangalia wateja wa dhahabu. Akauliza kwa heshima, mwenye laini yuko wapi?

Nikadhani Mama atasema hayupo kwa sasa. Akasema, "Amefariki." Miezi kumi na tisa sijamsikia akilitamka neno hilo, akaja kulitamka pale, mbele ya matangazo yetu ya watu wanaocheka.

Sijui Redio alifikiri nini. Alichanganyikiwa tu, nadhani. Waya wa kuhamishia uko kaunta yangu, basi akanisukumia ile simu kama tunavyosukumiana simu mia kwa siku. Nikaipokea. Kioo kikaomba namba.

Mikono ikaandika. Naapa sikuituma! Kidole gumba, tarakimu nne, chap chap, kama ninavyofanya kwa kila mtu. Ikafunguka.

Kwenye kioo nilikuwa mimi. Picha yangu. Nimesimama nyuma ya kaunta hiyo hiyo, sare mpya, meno yote nje. Aliipiga siku ile alipotia saini. Sikujua.

Mama akaitazama picha. Halafu kidole changu. Halafu mimi, kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unaijua," akasema. Hakuwa anauliza.

Akaichukua simu mkononi mwangu, akaifunga kwenye kitambaa chake na kuondoka. Kitambulisho cha kaka kilibaki juu ya kaunta. Redio hakusema kitu mpaka tunafunga duka. Redio! Bosi amefungua kumbukumbu za malipo, ameona yanatoka kwenye mshahara wa nani. Nimwandikie maelezo kufikia Jumatatu. Laini inafungwa siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Mama hanisemeshi. Chakula ananiwekea, amekifunika kwa sahani.

Ijumaa, 14 Machi

Simu ilijifunga yenyewe tena. Mama amekuja mezani, ameniwekea kipande cha karatasi na kalamu. Nimeandika tarakimu nne. Amekikunja na kukitia ndani ya kifuko cha miwani yake. Nikasema, Mama. Akasema, nitakapokuwa tayari.

Jumapili, 16 Machi

Saa kumi alasiri. Niko chumbani, naandika magotini. Ukuta wetu ni mwembamba.

Yuko tayari.

Alianza kama saa moja iliyopita. Mama hajui kuchagua, alibonyeza ya kwanza aliyoiona, na zile sauti zinafuatana zenyewe, moja ikiisha inayofuata inaanza. Yamemwangukia mazungumzo ya kaka na msimamizi wake wa kazi. Tangu Machi ile.

Mungu wangu, sauti yake. Nilikuwa nimeisahau inavyokwaruza mwanzo wa sentensi. Msimamizi, ile nyeupe imebaki ndoo moja. Msimamizi, leo nitachelewa, mama yangu ana homa. Anacheka. Kuna brashi inasikika, na mtu anapiga mluzi. Mama alicheka naye mahali pamoja. Nilimsikia. Nikauma mto.

Mei. Anaomba alipwe mapema, kidogo tu.

Juni. "Msimamizi, Jumamosi hamna kazi? Hata ya kukwangua. Kuna kitu nakilipia kila mwezi." Msimamizi akamtania, umeoa kwa siri? Kaka akacheka tena. Akasema hapana, ni kwa ajili ya kazi ya mdogo wangu, akijua kinanielemea atalia, na mimi sitaki alie.

Mama hakusimamisha. Ikaendelea. Jumamosi moja, Jumamosi nyingine. Julai yote. Kumbe hakuwa analala! Na mimi nilidhani yumo chumbani kwake. Tulikuwa tunapita mlangoni kwa kunyata, na alipotokea mchana tukadhani ndiyo kwanza kaamka.

Agosti. "Ile ya ghorofa ya nne niachie mimi. Wengine wanaogopa, mimi —"

Mama kaikata hapo.

Nasikia saa ya ukutani. Nimesubiri alie, hajalia. Nimesubiri kikombe kipasuke. Nikapiga moyo konde, nikasimama, nikakaa tena.

Ameniita. Kwa jina langu la utotoni, lile ambalo kaka alilianzisha. Anasema, "Njoo tumsikilize wote. Imebaki moja."

Amevuta kiti cha pili. Nimesikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Hajabonyeza. Ananingoja mimi, na kalamu naiweka hapa.