Injini kwa Kaka, Kinu kwa Dada, Mkanda kwa Kitinda Mimba

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama hauruhusu basi marahaba, tusipoteze muda. Naomba msaada, na tafadhali usinicheke mpaka nimalize, maana mimi mwenyewe naandika huku nacheka na mke wangu ananitazama kwa jicho nisilolipenda. Shule nilisoma mpaka mwalimu aliponichoka, kwa hiyo nukta ziweke mwenyewe panapokufaa.

Nina mashine ya kusaga nafaka, ndiyo iliyotulisha na kuwasomesha wanangu watatu, mtaa mzima unaijua kwa mlio. Sasa juzijuzi kifua kilinibana nikalazwa, na pale wodini mzee wa kitanda cha pili alikuwa akigombewa na watoto wake hata hajafa, huyu anataka nyumba, yule anataka nyumba, na yeye kalala hapo anasikia kila neno, nikasema moyoni, mzee mwenzangu hukujipanga, ngoja nitoke nikawaonyeshe watu akili. Nikatoka. Nikawaita watoto nikawaambia urithi nagawa leo leo, nikiwa nakohoa kwa kifua changu mwenyewe. Kaka mkubwa, injini yako. Dada, kinu chako, kile chenyewe kinachosaga. Na wewe kitinda mimba, mkanda unaounganisha injini na kinu ni wako. Hesabu yangu ilikuwa tamu, mshauri! Injini bila kinu ni makelele matupu, kinu bila injini ni chuma cha kukalia, na vyote viwili bila mkanda vinatazamana tu kama wachumba waliogombana, kwa hiyo watake wasitake, watapendana. Usiku ule nililala fofofo.

Kumekucha, kitinda mimba, ambaye zamani alikuwa haamki mpaka amwagiwe maji, kafika mashineni wa kwanza, kauvaa mkanda begani kama mrembo aliyeshinda taji. Foleni ya ndoo imefika barabarani, na yeye kasimama mlangoni.

"Mkanda haujanywa chai," anasema.

"Wewe mtoto, funga huo mkanda kabla sijakufunga wewe," dada yake akamjibu.

"Dada, zungumza vizuri na mwenye mali."

Dada akachomoa chekeche la kinu chake akalikalia, kaka mkubwa naye akasema injini yake ina mafua, haiwaki mbele ya watu wenye kelele, na mimi nimekaa juu ya gunia nacheka mpaka kikohozi kikarudi, mteja mmoja akanipiga mgongoni, "Babu, usitufie hapa, hatujasaga bado!"

Tangu hapo ni hivyo kila siku, na sikufichi, nilikuwa nawahi kiti niwatazame. Lakini juzi alikuja jamaa mmoja mwenye karakana, akaizunguka injini, akaigonga hapa na pale, akamnong'oneza kaka mkubwa, na jioni mwanangu ananiambia usoni, "Baba, si ulinipa? Jumamosi anakuja na gari kuichukua. Mimi nanunua pikipiki." Hapo kicheko kilipungua, mshauri. Hakikuisha, lakini kilipungua. Injini ikitoka hatuna mashine, na wajukuu wote wanakula hapo. Nikimnyang'anya ataniita kigeugeu. Nikinyamaza, nimeua kila kitu kwa akili zangu. Mke wangu, ambaye ndiye hupima nafaka na kupokea pesa tangu tulipofungua, na ambaye cherehani yake ndiyo tuliyouza tukatimiza bei ya injini, anaosha vikombe kwa kishindo tu. Nifanyeje? Nijibu kabla ya Jumamosi, na ukitaka kunisema niseme kwa herufi kubwa, macho yangu yamechoka.

Ni mimi,
Mzee wa Mashine

JIBU

Mzee wa Mashine, shikamoo, ile yako nimeikataa.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na watu wa chumba cha pili wamekuja kuuliza kuna nini. Sasa tumemaliza kucheka. Kaa vizuri juu ya hilo gunia nikuseme.

Kwanza hongera. Wazee wengi hulikimbia neno urithi kana kwamba wakilitamka watazikwa jioni. Wewe ulilitamka, ila ukalitamka ovyo. Uliwagawia watoto vyuma, wakati kinachowalisha ni kazi inayofanywa na vyuma hivyo vikiwa pamoja. Mtu ukimpa chuma peke yake, atakiuza. Usimlaumu mwanao kwa kukuelewa vizuri.

Halafu nieleze: mkeo ulimpa nini? Nimerudia barua yako nikitafuta fungu lake. Ulimpa foleni? Ulimpa vumbi la unga? Injini uliyoitoa kwa mdomo imenunuliwa kwa cherehani yake. Mali ya watu wawili haigawiwi na mtu mmoja aliyetoka wodini na furaha zake. Kwa hiyo nguvu ya kuzuia gari la Jumamosi ipo, ila anayo yeye.

Nyote wawili mwambieni kijana, na mnunuzi asikie, kwamba injini haiuzwi. Atanuna. Mwacheni anune, kununa hakujamuua mtu. Kisha nendeni kwa wakili, au ofisi ya msaada wa kisheria kama mfuko umekauka, mashine iandikwe kwenye wosia ikiwa nzima. Watoto wapewe hisa. Anayefanya kazi alipwe mshahara kwanza, pesa ya matengenezo itengwe, kinachobaki ndicho kigawanywe. Anayetaka kujitoa awauzie ndugu zake, si jamaa wa karakana. Mama yao awe na sauti ya mwisho maisha yake yote, na nyumba anayolala iandikwe jina lake asije akatolewa na mkwe. Wosia utiwe sahihi mbele ya mashahidi wasiorithi chochote, nakala ibaki kwa wakili, na watoto wasomewe ukiwa hai, kwa utulivu, bila sinema.

Na huyo wa mkanda usimdharau. Mtoto aliyekuwa haamki sasa anafika wa kwanza. Mpe usimamizi wa asubuhi umwone.

Lakini kabla ya wakili na kabla ya kijana, nenda jikoni. Mwambie mkeo, "Nilikosea," ukomee hapo, usitie utani. Kisha muulize yeye angeigawa vipi. Jibu analo tangu siku ile ulipowaita watoto. Hakuna aliyemuuliza.