Paker, Nimesema Kwanza

Paker wangu,

Takwenya. Nimeandika salamu hiyo ya kwenu halafu nikangoja uniitikie kwa ile "Iko" yako ya kuvuta, kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Haijakuja. Basi nitajiitikia mwenyewe niendelee, maana habari ni nyingi na kalamu hii ya Ciku inakaribia kuisha.

Baba Ciku anakusalimu. Bado anachonga mawe huko Kitengela, bado anarudi nyumbani kichwa cheupe kwa vumbi kama mzee, na bado anauliza kama chai iko kabla ya kuuliza kama sisi tuko. Shosho, mama yake, anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima. Ciku wetu mkubwa anakusalimu, yuko kidato cha tatu huko Kajiado na sasa amekuja likizo. Muthoni, yule ulimwacha bila meno ya mbele, ameota yote, anakusalimu akiyaonyesha. Mwanao Lemayian anakusalimu, na Naserian mke wake, na mtoto wao msichana ambaye hukumwona, amezaliwa baada yako. Ako na paji lako la uso. Akikunja uso hata mbwa anaondoka. Na kondoo wote wanakusalimu, Narok, Nanyokie, Mkia Mfupi, Mama Kelele na wengine. Sitasema ni wangapi. Niliacha hiyo tabia.

Mimi mwenyewe ni mzima. Naogopa mambo mengi kama kawaida yangu. Mvua ikichelewa naogopa, ikija naogopa. Lakini leo sikuandikii kwa sababu ya woga. Tumeshinda, Paker! Mimi na wewe tumeshinda, mbele ya watu, na ilibidi nikuambie kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo ukiona mistari inapanda mlima, usicheke sana.

Nataka kwanza ukumbuke nilikuwa mtu wa aina gani tulipohamia hapa Isinya kutoka Murang'a. Kondoo walikuwa kumi na mmoja na nilikuwa nawahesabu asubuhi, mchana na jioni. Nahesabu, napata kumi, moyo unaruka. Nahesabu tena, napata kumi na wawili, unaruka zaidi. Mwishowe nikanunua rangi ya buluu kwa duka la dawa za mifugo, nikaandika namba kwa mbavu za kila mmoja. Wewe ulikuwa unapita na mzigo wa kuni. Ukasimama, ukaangalia, ukaweka kuni chini ndiyo ucheke vizuri. "Mama Ciku, hizi ni kondoo ama ni matatu? Ya kwenda Kitengela ni gani?"

Nilikasirika. Nikakuambia namba ndiyo inanipa usingizi. Ukapangusa machozi ya kicheko na shuka, ukasema, "Namba itakuambia umepoteza mmoja. Haitakuambia ni nani."

Kesho yake ulikuja na mtungi wako wa manjano, ukaupindua, ukaukalia kando ya boma langu. Mimi nilikuwa nimeshika daftari tayari, nikidhani wewe utasema na mimi niandike. Wapi. Ulinyoosha fimbo kwa mwanakondoo mmoja, ukauliza mama yake ni nani. Nikasema, si wewe ndiye unajua? "Sema kwanza." Nitasemaje na sijui? "Sema kwanza. Ukikosea ndiyo utashika." Nikaonyesha mmoja mwenye pua nyeusi. Ulicheka mpaka fimbo ikaanguka, kwa sababu nilikuwa nimeonyesha dume. Paker, mpaka leo hakuna kondoo ninayemjua kama yule dume. Naweza kukuchorea pua yake.

Daftari ulimpa Muthoni akachoree maua.

Baada ya wiki mbili nikajiona fundi. Jioni wakiingia bomani nilikuwa nawataja mmoja mmoja bila kukosea, kama mtoto anayeimba a, e, i, o, u. Nikakuita uje ushuhudie. Ulikuja, ukasikiliza, ukazunguka nyuma ya boma, ukatoa miiba upande wa pili, ukawaingiza na huko. Wakaja ovyo ovyo, wa mwisho mbele, wa mbele katikati. Nilipotea kabisa. Nanyokie nilimwita kwa jina la binti yake. Wewe ukarudisha miiba polepole. "Umejua mlango," ukasema. "Hujajua kondoo."

Siku hiyo nilikuchukia kidogo. Naomba msamaha.

Halafu ile ya kunigeuza mgongo. Mimi nilikuwa nasema, lakini nikiwaangalia nawajua wote! Na wewe, "Ukiangalia, macho yanakudanganya kwamba unajua. Geuka." Basi nageuka, naangalia malori kwenye barabara ya Namanga, nakutajia nani amesimama wapi, ana sikio gani, alizaliwa na nani, na wewe nyuma yangu ukikohoa nikikosea. Hukuwa unanirekebisha. Kikohozi kimoja, basi, nitafute mwenyewe. Kichwa kilikuwa kinauma kama nimebeba maji kutoka mtoni. Nikakuomba unisaidie hata kidogo. "Ikiwa rahisi leo, kesho itakuwa imeenda."

Na mara moja ukapotea siku nne. Nilidhani nimekukosea. Nilituma Muthoni na maziwa, akarudi na chupa tupu bila neno. Ulipokuja hukukaa hata kwa mtungi. "Geuka." Nilikuwa nimesahau karibu nusu yao, nikataka kulia. Kumbe wewe ulikuwa umefurahi! "Nilikuwa nangoja usahau kidogo. Sasa tafuta. Ukimpata mwenyewe, hapotei tena." Ni kweli. Wale niliowasahau siku hiyo ndio sijawahi kuwasahau tena.

Siku niliyowataja wote nikiwa nimegeuka, pamoja na mama zao, ulinyamaza tu. Ulienda kwako, ukarudi na mwanakondoo jike wa rangi ya kahawia iliyoiva, ile rangi mnaiita mugie, ukaniwekea mikononi. Nikamwita Mugie. Tangu hapo hukuniita Mama Ciku tena, wala mimi sikukuita Koko, yaani bibi, kama watoto. Waliopeana kondoo wanaitana Paker. Nilikuwa sijapewa jina na mtu tangu nizaliwe.

Ulipolazwa Kajiado nilikuja mara mbili. Mara ya pili ulikuwa umefumba macho nikadhani umelala, nikaanza kukuombea polepole. Katikati ya maombi ukauliza, "Mugie anakunywa maji namna gani?" Nikasema anapiga maji kwanza na mguu wa kushoto, kama anaamsha mtu. Nikangoja. Hukukohoa. Hilo ndilo jambo la mwisho kati yetu, na nimelibeba vile mtu hubeba yai.

Mtungi wako bado uko kando ya boma. Hakuna anayeukalia. Kuku mmoja alijaribu, Shosho akamfukuza.

Najua kwenu jina la aliyekwenda halitajwi, kwa hivyo lako sijalisema tangu tukuzike. Nimebaki na hili moja tu, Paker, na hili linatoka kwa Mugie. Sasa utaelewa nilivyoshikwa na baridi Jumamosi ile, na jua lilikuwa kali.

Ilikuwa siku ya chanjo. Tulipeleka mifugo joshoni, kila mtu na kundi lake, mimi na Muthoni na fimbo zetu. Mugie alikuwa na mimba kubwa, nikamweka karibu na mguu wangu. Tukiwa kwa foleni, lori la mawe likapasuka gurudumu pale barabarani. Puu! Kondoo wote wa Isinya wakawa kundi moja.

Watu wakaanza kutenganisha wao. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia, mwenye ploti nyingi, anayekuja na gari Jumamosi kuona mifugo wake. Si mtu mbaya. Wake amewapaka buluu mgongoni, bado mbichi. Akahesabu, akapungukiwa na mmoja. Akatupa macho, akamwona Mugie, mnene, na buluu mgongoni, maana walikuwa wamesuguana na wake. "Huyu hapa!" Mchungaji wake akamfunga kamba.

Nikasema huyo ni wangu. Akaniuliza vizuri tu, "Mama, alama yako iko wapi?" Na mimi sina alama, Paker, wewe ulinifanya nioshe zote. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwulizeni kama ako na hati ya kondoo, hawa wageni wa kununua ploti!" Watu wakacheka. Muthoni akanishika sketi. Nilikuwa naona kamba ikivutwa, na jina langu likienda nayo.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nigeuzeni mgongo."

Mzee anayesimamia josho, yule wa fimbo nyeusi, aliniangalia sana. Akasema, "Wageuke wote wawili." Bwana akaanza. "Niko na themanini na mbili." Mzee akasema, endelea. "Themanini na mbili... weupe, na wengine wekundu." Watu wakacheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kimehama.

Ikafika zamu yangu. Niliangalia lori lililolemaa. Nilitega sikio nyuma yangu kama unavyojua, nikaanza. Narok, mweusi mwenye kwato moja nyeupe. Nanyokie, mwekundu, sikio la kulia limechanwa na mwiba. Binti yake, sitakosea tena, ana sauti ya mbuzi. Niliwataja wote, na mama zao, na waliokufa kati yao. Nikafika kwa Mugie. Nikasema ana nywele nyeupe chini ya kidevu kama amekunywa maziwa akasahau kujipangusa. Nikasema mfunueni mdomo wa juu, ndani, upande wa kushoto, kuna doa jeusi kama wino.

Nikasikia kondoo akikoroma vile wanakoroma wakishikwa mdomo. Halafu mzee akasema neno moja.

"Iko."

Paker! Yeye alikuwa anasema doa liko. Mimi nilisikia kingine. Nililia hapo hapo nikiwa nimegeukia barabara, dereva wa lori akadhani nalilia gurudumu lake.

Lakini ngoja, haijaisha. Yule bwana bado alikuwa amepungukiwa na mmoja, na uso wake ulikuwa wa kuhurumiwa. Namba ilikuwa imemwambia amepoteza. Haikumwambia nani. Nikageuka, nikaangalia wangu, na mara moja nikaona mgeni, jike mweupe amejificha katikati kama aliyekuja harusi bila kualikwa. Buluu yake ilikuwa imefutika. Nikamsukuma kwake. "Huyu ndiye anakulilia." Akavua kofia, aki ya Mungu, akaivua. Akauliza nani alinifundisha. Jina sikulitaja. Nikasema, "Paker wangu." Wazee wote wakaitikia kwa kichwa, kila mmoja alijua ni wewe.

Sasa kila Jumatatu mchungaji wake anakuja kwangu kujifunza. Siku ya kwanza alikuja na simu awapige kondoo picha. Nikamwambia aiweke mfukoni. Geuka. Sema kwanza. Na mimi nikikaa pale nikimkoholea nimegundua kondoo ambao siwajui sawasawa, kwa sababu akiniuliza kwa nini, nakwama. Nadhani hiyo nayo ulijua. Ndiyo maana ulikuwa unanituma nimfundishe Muthoni ukijifanya umechoka.

Hata Ciku imemfikia. Likizo iliyopita alileta kitabu cha kemia amekipaka rangi ya njano kila mstari, na alama mbaya. Nilikumbuka buluu yangu. Nikamwambia, funga kitabu, geuka, niambie. "Mum, hiyo ni ya kondoo." Nikamwambia basi waambie kondoo. Alianza kwa kiburi, akamaliza kwa jasho. Kila siku alienda bomani akawafundisha kemia, mimi nikikohoa akinyamaza sana, ingawa sielewi hata neno. Ripoti imekuja. Mwalimu ameandika, "Amebadilika." Nimelisoma mwenyewe, mara tatu, bila kuuliza mtu.

Na jana asubuhi Mugie amezaa. Jike. Mwili wa kahawia kama mama yake, lakini shingo ni ya majivu, majivu ya jiko lililopoa, na inang'aa kidogo akigeuka. Rangi hiyo hukuwahi kunifundisha. Nilimwuliza Lemayian inaitwaje kwenu, akakunja ule uso wenu, akasema, "Mama angekuambia nini?" Akaenda zake akicheka.

Ahadi yangu ni hii. Huyu mdogo ni wa mjukuu wako. Akikua ajue kutembea na fimbo, nitapindua mtungi wako niukalie, nimgeuze mgongo, nimkoholee mpaka anichukie kidogo. Siku atakayowataja wote nitamwekea mikononi kondoo wa ukoo huu, na yeye ataniita vile nilikuita. Hilo jina halitakufa hapa Isinya nikiwa hai.

Pumzika, rafiki yangu. Pumzika vizuri. Usiwahesabu huko.

Lakini leta neno upesi, maana mtoto hawezi kukaa siku nyingi bila jina. Mimi nimesema kwanza. Nasema ni Pus, vile nimesikia wazee wenu wakiita rangi ya majivu. Kama nimepata, nyamaza tu. Kama nimekosea, kohoa. Natoka sasa hivi kwenda bomani, nitasimama karibu na mtungi wako nimegeukia barabara.

Ni mimi,
Paker wako, Mama Ciku